Mzula

Nungu wa kwanza nilimwona kwa shilingi hamsini
kwenye banda la Mwasomola, nyuma ya soko la Tukuyu:
mabenchi ya mbao, jenereta linakohoa nje,
mvua inapiga bati mpaka mtafsiri apaze sauti.
Jina lake la kwao hatukulijua.
Mtafsiri ndiye aliyembatiza, kwa ile miiba ya mabegani.
Alikuwa na kitambi. Alivaa soksi ndefu kama kipa.
Ngumi yake ilikuwa bado njiani, majambazi wameshaanguka.
Akimaliza anatugeukia sisi, anacheka,
nasi tunacheka, maganda ya karanga mapajani.

Wa pili alikuja kwenye CD yenye mikwaruzo
mwaka nilioanza sekondari.
Huyu alikuwa kijana mwembamba, hacheki.
Baba yake anapigwa risasi mlangoni pa duka,
mkate unamtoka mkononi, unalowa taratibu.
Kwa Nungu wa kwanza ulikuwa mfuko wa machungwa,
yakabingirika, banda zima likashangilia.
Mkate niliulilia.

Wa tatu nimemwona juzi, Uyole, kwa binamu yangu Subilaga,
runinga pana kama mlango.
Giza. Mvua. Mtu anahema.
Tupokigwe, miaka sita, akauliza:
Mama, umeme umekatika?
Tulicheka sote, kisha pakawa na mwanga kidogo
na Nungu alikuwa anampiga mtu aliyekwisha kuanguka.
Anapiga. Kamera haiondoki.
Nikasema naenda kuangalia chai.

Kila wakiitengeneza upya wanamwua tena yule baba.
Watabadilisha mtaa, koti, kilichomo mfukoni,
lakini yeye atatoka dukani vilevile, hajui,
kwa sababu asipokufa
mtoto atavaa miiba kwa kisa gani?

Mjomba Ambokile alikuwa na mzula wa sufu, rangi ya majivu.
Alikaa kibarazani na wembe
akautoboa matundu mawili.
Ni baridi tu, alisema. Julai ya Tukuyu,
nani angembishia?
Usiku ule ilikuwa zamu yake ya sungusungu.
Alirudi alfajiri, umande umempanda mpaka magotini,
akanawa mikono kwenye karai
muda mrefu kuliko tope lilivyotaka.

Bibi husimulia kwamba walikuwa watatu, wana mapanga.
Mwenyekiti aliandika mmoja,
akakimbia mwenyewe, akaangukia Kiwira.
Kilabuni walisema mwizi wa ng'ombe; baadaye ng'ombe akawa mbuzi;
mbuzi akaisha akawa mkungu wa ndizi,
tena ndizi zenyewe mbichi.
Mjomba hakusimulia. Mara moja tu, sahani iko mbele yake,
alisema: alikuwa na soksi za shule.
Kisha akaomba chumvi.

Sijapata kusikia simulizi inayoanza na yule kijana,
anatoka kwao, anarudisha mlango polepole
ili bawaba zisilie.
Kama alikuwa wa rika langu, basi bandani kwa Mwasomola
pengine alikaa benchi la nyuma,
magoti yake mgongoni mwangu,
na Nungu alipotugeukia akicheka
alimcheka naye.

Njoo, Subilaga aliita kutoka sebuleni, anavua kinyago!
Wote watatu hukivua mwishoni. Najua.
Birika lilikuwa linafurika, povu la maziwa limefika kwenye moto.
Nikapapasa msumarini nyuma ya mlango,
nikashika kitambaa kizito, cha majivu,
kimekakamaa kwa masizi na mafuta ya miaka.
Nikaipua chai kwa haraka
na vidole viwili vikapenya,
kila kimoja na tundu lake,
vikaungua.